Odongo Alibaki Kampala

Nilikuwa na miaka kumi hivi nilipogundua kwamba baba mdogo Odongo, yule wa Uganda, alikuwa amekufa. Na hakuwa amekufa juzi. Alikufa 1960 akiwa na miaka miwili, kwa surua, huku baba yangu, pacha wake, akilia kwa surua hiyo hiyo upande wa pili wa kitanda. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulisema hivyo. Ukimuuliza Dani ana watoto wangapi, atakwambia sita. Ukihesabu ukapata watano, atakwambia mmoja alibaki Kampala. Mimi kichwani nilikuwa nimeshamjengea huyu mtu maisha kamili: ana duka, ana gari, anaongea Kiganda, na Disemba moja atatokea na mizigo na mimi nitapata kitu.

Kwa wasiojua majina yetu: pacha wa kwanza kuzaliwa ni Opiyo, yule mwenye haraka. Wa pili ni Odongo, yule aliyebaki. Sasa fikiria kuitwa Opiyo maisha yako yote. Kila Mjaluo utakayesalimiana naye, iwe benki, iwe matanga, iwe steji ya matatu, lazima aulize, "Na Odongo yuko wapi?" Baba alikuwa anajibu bila kupepesa macho, "Yuko Kampala." Halafu mazungumzo yanaendelea.

Baba alituacha 2016. Dani alikuwa ametangulia. Ninaandika haya sasa kwa sababu ya dada yangu. Yeye na mumewe wako Doha, mwaka wa tisa huu. Yeye ni nesi, na watoto wao wawili wamezaliwa huko huko. Mwezi uliopita, kwenye simu ya video, shangazi yetu, Waya Akello, alimuuliza yule mkubwa, msichana wa miaka saba, "Wewe ni mtu wa wapi?" Mtoto akajibu, "Doha," vile ungejibu ukiulizwa jina. Sisi huku tukacheka. Dada hakucheka. Usiku akanitumia sauti ya dakika sita kwenye WhatsApp, nyingi ikiwa kelele za mashine ya kufua, na mwishoni akauliza: "Wewe ndiye mtu wa historia. Wale watoto wa babu waliozaliwa Kampala, waliambiwa kwao ni wapi? Na waliamini?"

Waliambiwa kwao ni Alego. Kuamini ni hadithi nyingine.

Babu aliondoka Alego 1953. Nairobi ilikuwa chini ya hali ya hatari, vipande na misako kila kona, na isitoshe, kutoka Alego, Kampala ni karibu kuliko Nairobi. Hakujiona kama mtu anayekwenda ng'ambo. Pesa ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Stempu ya barua ilikuwa moja, imeandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mtawala alikuwa Mwingereza huyo huyo. Na ukirudi nyuma kidogo tu, Alego yenyewe haikuwa Kenya. Hadi 1902, nchi yote kutoka ziwani mpaka karibu na Naivasha ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza waliihamisha kwa karatasi, ili reli yao, iliyokuwa imefika Kisumu mwisho wa 1901, ikae chini ya utawala mmoja. Baba yake babu alizaliwa Uganda na kuzikwa Kenya bila kutoka bomani kwake. Shuleni tulikaririshwa reli ilianza mwaka gani na simba walikula watu wangapi Tsavo. Hii ya mkoa mzima kuhama nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima, tena kwa bahati.

Basi watu walikwenda. Jinja kulikuwa na bwawa la Owen Falls linajengwa, lile ambalo Malkia Elizabeth alikuja kulifungua Aprili 1954. Kakira na Lugazi kulikuwa na mashamba ya miwa ya Wahindi yaliyotaka mikono. Kampala kulikuwa na viwanda, reli, maghala. Waganda wengi walikuwa na mashamba yao ya kahawa na pamba na hawakuona sababu ya kubeba magunia ya mtu mwingine kwa mshahara mdogo. Kazi hiyo ikachukuliwa na wageni: Waluo, Waluhya, Waacholi, Wanyarwanda. Babu alipata kazi ya kupakia na kupakua kwenye ghala la kiwanda kimoja, na baada ya miaka akawa mtu wa kuhesabu kilichopakiwa, ambayo ilikuwa ni kupanda cheo, maana sasa alishika penseli.

Waliishi Nakawa, mashariki mwa mji. Serikali ya kikoloni ilijenga mitaa miwili huko kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, Nakawa na Naguru. Nakawa ni chini, vyumba vidogo, kodi ndogo. Naguru ni mlimani, na waliokuwa na mshahara mzuri walihamia huko, wakaanza kuwasalimu wa Nakawa kwa umbali. Mwanaanthropolojia Mwingereza, David Parkin, alikaa mitaa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, kipindi hicho hicho cha uhuru, na 1969 akatoa kitabu juu ya majirani wa huko, wakiwemo Waluo na Waluhya wengi kutoka Kenya. Nilipokipata nilikisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. Bila shaka babu hayumo. Ila kuna vyama vya ukoo, michango, kandanda, vikao vya Jumapili, nani anahamia wapi na kwa nini. Mambo yote ambayo Waya alikuwa ameshanisimulia, ila yeye aliyasimulia kwa urefu wa mtoto, kutoka chini ya meza.

Vyama ndivyo vilivyofanya ugeni uvumilike. Luo Union ilikuwa na matawi Afrika Mashariki nzima. Miaka ya 1950 Ker wake, yaani kiongozi mkuu, alikuwa Oginga Odinga. Ukifa Kampala, watu wako wanachanga ili mwili urudi kwenu. Ukigombana na mkeo, wazee wanakaa. Si yote yalikuwa ya kusifu: vyama hivyo hivyo vilikuwa vinawakamata wanawake waliojitafutia maisha mjini na kuwarudisha kijijini kwa nguvu, ati wanaharibu jina la kabila. Dani alikuwa na rafiki aliyerudishwa hivyo. Alimtaja mara moja tu mbele yangu, akanyamaza.

Babu alipomleta Dani, wakapata mapacha 1958. Hapo ndipo majina yanapokuwa matamu. Mkunga wa karibu alikuwa mama mmoja Mganda aliyeuza ndizi nje ya mtaa. Kwao pia mapacha wana majina yao tayari kabla hawajazaliwa: wa kiume wa kwanza ni Wasswa, wa pili ni Kato. Baba wa mapacha anaitwa Ssalongo na mama Nnalongo, na hayo si majina ya utani, ni vyeo, unatembea nayo hadi kaburini. Kwa hiyo ndani ya chumba walikuwa Opiyo na Odongo, na nje ya mlango wakawa Wasswa na Kato. Babu alitoka kwenda kazini asubuhi akiwa wuon rude na akafika barabarani akiwa Ssalongo. Hata mtoto anayewafuata mapacha ana jina pande zote mbili: kwetu ni Okello au Akello, kwa Waganda ni Kizza. Waya alipozaliwa 1961 jina lilikuwa linamsubiri mara mbili. Watu wawili wanaoishi mbali mbali hivyo, lugha zao hazina hata undugu, lakini wote wanaamini kwamba mapacha wakipita mlangoni hata anayekuja nyuma yao lazima aandikwe. Dani alisema ndicho kitu cha kwanza kilichomfanya asiogope Kampala.

Mapacha hao hawakuonekana na Alego hadi walipopigwa picha.

Ninayo hiyo picha. Iko kwenye mkebe wa biskuti pamoja na nyingine kumi na nane. Studio ya Kampala, pazia lililochorwa ngazi na maua, babu kwenye suti, Dani amekaa, mtoto mmoja kila goti, na juu ya meza redio. Waya anasema redio ilikuwa ya mpiga picha. Suti pia. Nyuma babu ameandika kwa Dholuo kwamba wote wazima. Picha zote kumi na tisa ziko hivyo. Zilipigwa ili zitumwe nyumbani, ziwaambie watu wa Alego kwamba mambo ni sawa na pesa zinakuja. Kwa hiyo hakuna hata moja inayoonyesha chumba chenyewe. Sijui jiko lilikaa wapi. Sijui ukutani kulikuwa na rangi gani. Nimewahi kukaa na mkebe huo jioni nzima nikitafuta hata kipande cha Nakawa, dirisha, mfereji wa maji, kamba ya kuanikia nguo, na sikupata. Niliyo nayo yametoka mdomoni kwa Waya: kwamba mvua ikinyesha sakafu ilitoa harufu ya sigara kwa sababu mpangaji wa kabla yao alikuwa mvutaji, kwamba Jumamosi baba yao aliwapeleka Port Bell kuangalia meli, kwamba ile meli mpya, Victoria, iliyoanza safari 1961 wakati yeye mwenyewe anaanza kutambaa, ndiyo ilikuwa inawaleta Kisumu Krismasi, na kwamba alitapika kila safari.

Odongo alikufa kabla ya meli hiyo. Luo Union haikuchangia maiti za watoto wachanga. Pesa ilikuwa ya wakubwa, na hata hao foleni ilikuwa ndefu. Kwa Mjaluo kuzika mtu wako ugenini ni jambo la kukuondolea usingizi, tena pacha. Walimzika kwenye makaburi ya mji. Babu aliahidi kwamba siku wakirudi nyumbani moja kwa moja watafanya kinachotakiwa kufanywa. Mpango ulikuwepo hivyo: kazi, shule za watoto, nyumba ya bati Alego, halafu kurudi kwa utaratibu, kwa heshima, kila kitu mahali pake. Bati zilinunuliwa 1964. Nyumba ikasimama, ikafungwa kufuli, ikakaa.

Wakati huo nchi zilikuwa zinaachana polepole huku watu wakiendelea na shughuli zao. Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962, Kenya Disemba 1963. Mwaka 1966 shilingi ya pamoja ikaisha, kila nchi na benki kuu yake na noti zake, na babu akawa kwa mara ya kwanza anabadilisha pesa ili atume kwao. Mei mwaka huo huo jeshi la Obote likashambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Dani aliwalaza watoto chini ya kitanda, ingawa Mengo ni upande wa pili wa mji. Mwaka 1967 marais watatu walikutana hapo hapo Kampala wakatia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na babu alifurahi, akaona sasa mambo yametulia. Julai 1969 akaja Papa Paulo wa Sita, papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa papa, na Waya aliwekwa mabegani mwa baba yake, akaona kitu cheupe kikipita. Disemba mwaka huo Obote akapigwa risasi Lugogo, karibu kabisa na kwao, akapona. Baada ya hapo, Waya anasema, baba yao alianza kurudi nyumbani kabla ya giza.

Kila mtu anajua 1972. Amin, Wahindi, siku 90. Kuna filamu. Ya 1970 ni wachache wanaoijua, hata huku kwetu, na ilitupata sisi. Mwaka huo serikali ya Obote iliamua kwamba kazi zisizohitaji ujuzi ni za Waganda, na Wakenya waliozishika waondoke. Idadi inayotajwa sana ni watu 30,000 hivi, wengi wao Waluo. Hakukuwa na ndege wala kamera. Watu walipanda mabasi na malori wakashuka Busia. Na kitu ambacho siwezi kukimeza hadi leo ni kwamba Obote mwenyewe alikuwa ameshafanya kazi Kenya, miaka ya 1950, kabla ya kurudi kwao kuingia siasa. Alijua maana ya kula jasho lako kwa watu.

Lakini nisijifanye. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Wahindi waliokuwa na pasipoti za Uingereza, wengine wamezaliwa Ngara na hawajui kwingine. Mwanzoni mwa 1968 walikuwa wanajazana uwanja wa ndege kuwahi London kabla mlango haujafungwa, na Machi Uingereza ikaufunga kwa sheria iliyopita bungeni kwa siku chache. Novemba 1969 Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili. Ilikuwa ndiyo hewa ya wakati ule. Kila serikali changa iliangalia vijana wake wasio na kazi, kisha ikamwangalia jirani. Babu, kwa maelezo ya Waya, hakuwaonea Wahindi wa Nairobi huruma hata kidogo 1968, alisema wamezoea. Na mimi nikikaa kinyozini hapa mtaani nasikia watu wakisema hayo hayo juu ya Mkongo anayeshika mashine, na juu ya Mrundi anayepita mlangoni na njugu zake.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Babu alirudi saa sita mchana, na haikuwa Jumamosi. Alikaa nje kwenye kigoda, hakuvua viatu. Dani aliendelea kupika. Walipewa siku chache. Kitanda kilinunuliwa na jirani Mtoro kwa bei ambayo Waya anasema ilikuwa ya huruma, maana jirani angesubiri tu angekipata bure. Yule mama wa ndizi alikuja akakaa na Dani bila kusema neno, akarudi kesho yake akakaa tena. Siku ya mwisho Dani aliomba nauli, akamchukua baba yangu peke yake, wakaenda makaburini. Baba alikuwa na miaka kumi na mbili. Waya alilia kwa kuachwa, akafikiri wanaenda kununua kitu. Waliporudi Dani hakuwa na kitambaa chake cha kichwa, na hakuna aliyeuliza. Baba hakuwahi kusimulia siku hiyo, si kwa mama yetu, si kwetu. Alikuwa na maisha mazima ya kuisimulia.

Mimi nilikua nikiamini kwamba huo ulikuwa mwisho wa kukaa ng'ambo: familia ilikuwa nje, ikarudi nyumbani. Waya ndiye aliyenirekebisha. "Baba na mama ndio walirudi," aliniambia. "Sisi hapo ndipo tulipohama."

Alego walikuwa wanaijua kwa Krismasi, wiki mbili mbili, wakiwa na nguo mpya na kila mtu akiwapikia kuku. Sasa walikuwa watoto watano kwenye nyumba ya bati ambayo haijawahi kulaliwa, na Krismasi ilikuwa imekwisha. Shuleni waliitwa Jo-Uganda. Waya alikuwa na miaka tisa. Dholuo yake ilikuwa ya ndani ya chumba, ya kuagizwa chumvi na kuambiwa ulale, haikuwa ya kugombana uwanjani. Alipokasirika kilitoka Kiganda, na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Akaota matoke. Babu hakupata kazi tena ya penseli. Alilima, na Kenya haikuwa na mpango wowote kwa watu wake waliofukuzwa kwa jirani. Walishuka Busia wakamezwa na vijiji vyao, kila mmoja na aibu yake, maana mtu anayerudi bila mzigo hakuna anayemwamini kwamba alifukuzwa. Watasema alishindwa.

Baba yangu alikiua Kiganda chake kwa muhula mmoja. Aliamua tu. Hadi anakufa sikumsikia akitamka hata webale. Waya alikihifadhi kwa kuongea nacho malishoni, na mbuzi.

Walisubiri mambo yatulie ili Dani arudi kwa Odongo. Januari 1971 Amin akapindua, na kwa wiki chache watu walisherehekea. Halafu ikawa vile ilivyokuwa. Februari 1976 Amin alitangaza kwamba magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akitumia ile ile karatasi ya 1902, na Wakenya wakaandamana. Julai, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe wakisaidiwa kupitia Nairobi, Wakenya waliokuwa wamebaki Uganda waliuawa kwa kulipiziwa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Huwezi kwenda kutafuta kaburi la mtoto katikati ya hayo. Na ulipofika wakati ambapo ungeweza, miguu ya Dani ilikuwa imekataa.

Tulikwenda sisi, mimi na Waya, 2019. Tulivuka Busia kwa kitambulisho tu, jambo linalowezekana tangu 2014, na afande wa uhamiaji hakutuangalia mara mbili. Waya alikuwa na miaka hamsini na minane, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Kampala alimsimamisha mwanamke mmoja barabarani kuuliza njia, kwa Kiganda, na yule mwanamke akacheka hadi akashika ukuta. Si kwa ubaya. Alituambia kwa Kiswahili kwamba mama huyu anaongea kama mtoto mdogo. Ndivyo ilivyokuwa. Kiganda chake kilikuwa kimesimama 1970, hakijawahi kukomaa. Hajui kukodi nyumba wala kubishana bei kwa lugha hiyo, anajua kuomba sukari na kusema si mimi niliyeanza. Kwenye teksi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe bado niko."

Nakawa haipo. Wapangaji walitolewa 2011 na nyumba zikabomolewa, pamoja na za Naguru, ati kutajengwa mji mpya. Tulitembea kandokando tukiangalia nyasi na mabati ya kuzungushia ujenzi. Waya alijaribu kupata mfereji ulipokuwa kwa kuhesabu hatua kutoka barabarani, ila barabara nayo imepanuliwa.

Makaburini mzee mlinzi alitusikiliza vizuri, akatupeleka upande ambao alisema ni wa zamani. Hakuna msalaba, hakuna namba, kuna majani na mti wa fenesi. Hatukujua kama ni hapo. Waya hakuwahi kumwona Odongo. Alizaliwa mwaka mmoja baada yake, na jina lake lote ni kusema kwamba kuna wawili walitangulia. Alisimama, akavua viatu, akasema kwa Kiganda kile cha mtoto kwamba yeye ni Kizza, na kwamba Wasswa amekuja kule aliko, wasiachane tena. Nilimsaidia kuvaa viatu. Hatukuchukua picha, na kwa hilo hadi leo sijui kama tulifanya vizuri.

Haya yote nilimwandikia dada. Hajibu haraka, zamu za usiku. Huko aliko, watoto wanakaa kwa kibali cha mzazi na mzazi anakaa kwa kibali cha kazi. Mkataba ukiisha, wote wanne wana siku za kuhesabu, na kuzaliwa hapo hakumpi mtoto haki ya kubaki. Hilo analijua kuliko mimi. Ana nyumba inajengwa Kitengela. Ana maelfu ya picha kwenye simu: ufuo, birthday, minara usiku, watoto wamevaa sare wameangalia kamera. Nilimuomba kitu kimoja. Nilimwambia apige zile ambazo hawezi kututumia sisi.

Juzi zikaingia, kumi na moja, bila maelezo. Kabati la viatu. Lifti, na karatasi ya Kiarabu iliyobandikwa ndani yake. Sinki na vyombo. Jirani yao kutoka Kerala, ameinama mlangoni kwake anamfunga mtoto wetu kamba ya kiatu, uso hauonekani. Ukuta wa jikoni wenye alama za penseli za urefu wa watoto, na juu ya alama ya mwisho mtu, nafikiri ni yule wa miaka saba, ameandika jina lake kwa Kiarabu.